Mluzi Ndani ya Mtambo wa Gesi

Mwaka 1858, msikilizaji, kulikuwa na karamu ya muziki huko Marekani, na miongoni mwa waalikwa alikuwamo mtaalamu wa fizikia, John LeConte. Taa za umeme zilikuwa bado. Nyumba za wenye nacho ziliangazwa kwa gesi, miali ikitoka ukutani. Wenzake walikuwa wametega masikio kwa wapiga ala. Yeye macho yakamganda kwenye taa. Mwali mmoja ulikuwa ukiruka na kunywea sambamba na muziki, na ilipoingia selo, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, ndipo ulipocheza hasa.

LeConte hakuishia kushangaa. Alichunguza akaona kwamba mwali hucheza pale tu gesi inapotoka kwa nguvu ya kukaribia kuvurugika. Ikitoka polepole, pigeni ala mpaka asubuhi, haujali.

Miaka michache baadaye mwanafizikia John Tyndall, wa Royal Institution mjini London, akaligeuza jambo hilo kuwa onyesho la hadharani. Alikuwa na mwali mrefu, mwembamba, uliosimama wima. Akichezesha funguo kwa mbali, mwali unajikunja kama uliotishwa. Kisha akaondoa moto kabisa, akatumia moshi tu unaotoka tunduni, nao ukashtuka vilevile. Hapo ikajulikana kwamba mwenye kusikia alikuwa mkondo wenyewe, pale unapotoka kwenye tundu na kusuguana na hewa iliyotulia. Kwenye mpaka huo wa hewa inayokwenda na hewa iliyosimama huzaliwa visulisuli vidogo, na sauti yenye mdundo unaofaa huvikuza upesi mno.

Shika hilo la visulisuli, maana ndilo litakalotupeleka Kinyerezi.

Pale Kinyerezi, Dar es Salaam, umeme hufuliwa kwa gesi ya Songo Songo na ya Mtwara, iliyosafiri ndani ya bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Mashine zinazoufua ni ndugu wa injini za ndege. Hewa inavutwa, inakandamizwa na kompresa, inaingia kwenye chumba cha mwako ambamo gesi inawashwa, halafu mchanganyiko huo wa moto unatoka kwa kasi ukizungusha mapanga ya turbini. Turbini inazungusha jenereta. Inazungusha pia ile kompresa iliyoanza kazi, na hapo ndipo penye uchungu: nusu ya nguvu ya turbini, au zaidi, inaliwa na kompresa kabla mtu hajawasha taa hata moja. Na nguvu yenyewe ya mitambo hii hutangazwa kwa kipimo cha hewa ya nyuzi 15. Dar es Salaam ya mwezi Februari haijui nyuzi 15 ni kitu gani, na hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo mtambo unatoa pungufu ya kilichoandikwa kwenye karatasi zake.

Mtambo wa kwanza wa namna hii kufua umeme wa mji ulifungwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1939, na kampuni ya Brown Boveri. Ulikuwa wa megawati 4. Gesi iliyoingia kwenye turbini ilikuwa na nyuzi 550 hivi, na ufanisi ulizidi kidogo asilimia 17. Katika kila shilingi mia ya mafuta, shilingi 80 na ushee zilipotea na moshi. Mwaka 2016 mtambo wa Bouchain, Ufaransa, ulifika asilimia 62.22. Sehemu ya maendeleo hayo inatokana na kuutumia moshi wa turbini kuchemshia maji na kuzungusha turbini ya pili kwa mvuke, utaratibu ambao hata Kinyerezi ya pili inaufuata. Lakini sehemu kubwa inatokana na moto wenyewe kuongezwa. Turbini kubwa za siku hizi hupokea gesi yenye nyuzi 1,600. Aloi za nikeli zinazotengenezewa mapanga yake huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,300 hivi.

Ndiyo, umesikia sawasawa. Panga linaishi ndani ya moto unaozidi kiwango chake cha kuyeyuka, likizunguka mara 3,000 kwa dakika, likivutwa na uzito wa mzunguko huo kama linalotaka kung'oka, na linatakiwa lifanye hivyo kwa miaka.

Haliyeyuki kwa sababu tatu. Limepakwa gamba jembamba la kauri. Limeachwa tupu ndani, na katika utupu huo hupitishwa hewa baridi iliyochepushwa kutoka kwenye kompresa. Halafu hewa hiyo, ikishazunguka ndani, hutokea nje kupitia vitundu vyenye upana wa nusu milimita hivi na kutandaa juu ya uso wa panga, ikawa utando kati ya chuma na moto. Hilo neno baridi, lakini, lisikudanganye. Hewa ikitoka kwenye kompresa ina nyuzi 400 na zaidi. Ungeweka mkate humo ungetoa mkaa. Inaitwa baridi kwa kuilinganisha na jirani yake.

Hewa ya kupozea inagharimu. Katika mitambo mingi ya kisasa, takriban moja ya tano ya hewa yote iliyokandamizwa kwa gharama ile niliyoisema haipiti kwenye mwako; inakwenda kupoza. Ukiipunguza ovyo, chuma kinakulipiza: kosa la nyuzi 30 tu katika kukadiria joto la panga linaweza kukata umri wake nusu. Kwa hiyo kila mwenye wazo la kupoza vilevile kwa hewa pungufu husikilizwa, hata kama wazo lenyewe ni la ajabu. La sauti ni mojawapo.

Kwa fundi wa turbini, sauti ni mhalifu wa zamani. Tangu viwanda vilipotakiwa kupunguza gesi chafu za naitrojeni, chumba cha mwako huchanganya gesi na hewa nyingi kabla ya kuwasha, na moto wa aina hiyo hupenda kuimba. Mwanafizikia Lord Rayleigh alikwisha kueleza sababu mwaka 1878: joto likiongezwa wakati ule ule mgandamizo wa hewa unapopanda, mtikisiko unalishwa, mtikisiko ukilishwa, nao unautikisa moto, moto ukitikisika unalisha tena. Mngurumo huo ukikomaa hupasua vyuma. Watengenezaji wamefunga vibuyu vya kumeza sauti pembezoni mwa vyumba vya mwako, na chumba cha uongozaji kina vipimo vinavyofuatilia mitetemo usiku na mchana. Sasa mwambie mtu wa kazi hiyo kwamba unataka kuongeza sauti ndani ya mashine yake.

Hata hivyo wazo lina mantiki, na msingi wake uliwekwa vizuri mwaka 1971 na Crow na Champagne, watafiti waliokuwa Boeing. Walichukua mkondo wa hewa unaotoka tunduni, wakaweka spika nyuma yake, wakabadilisha mdundo kidogo kidogo. Waliona kwamba mkondo una mdundo wake mmoja unaoupenda kuliko yote. Ukitaka kuujua, gawanya kasi ya mkondo kwa kipenyo cha tundu, kisha zidisha kwa 0.3. Gari likikwama kwenye tope, msikilizaji, watu kumi wakisukuma kila mmoja kwa wakati wake halitoki. Watatu wakilisukuma kila linapokuwa linarudi mbele, linatoka. Sauti inaupata mkondo kwa namna hiyo. Na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu nguvu yake ni ndogo mno. Sauti ya desibeli 140, inayoumiza sikio, ikiingia kwenye hewa iliyokandamizwa mara 20 na yenye nyuzi 500, huisogeza hewa hiyo huku na huko kwa kasi ya sentimita nne tu kwa sekunde. Mkondo unaotoka kwenye kitundu cha panga unakwenda mita 150 kwa sekunde, pengine zaidi. Bila mdundo kulengwa, ni kelele za bure.

Wengi wanaolipenda wazo hili hukimbilia ule utando wa nje. Na utando una matatizo kweli. Hewa ikitoka kitunduni kwa upole, hulala juu ya chuma na kukifunika vizuri. Ikitoka kwa nguvu nyingi, huruka. Inaachana na uso wa panga, na chini yake gesi ya moto inajipenyeza. Mbaya zaidi, mkondo unaochomoza ndani ya upepo mwingine huzaa visulisuli viwili vinavyozunguka kwa kupishana, na viwili hivyo kazi yao ni kuvuta moto kuuingiza chini ya utando. Sauti yenye mdundo sahihi inaweza kuvivunja mapema, ikautandaza mkondo upande na upande, na mahali fulani chuma kikapata nafuu.

Mahali fulani. Mkondo uliokuwa umelala vizuri, ukiutikisa unauharibu: unachanganyika na moto upesi kuliko ungeachwa. Na mtikisiko ukiwa mkubwa kupita kiasi, mgandamizo wa nje unaweza kwa kitambo kuzidi ule wa ndani, moto ukaingia kitunduni badala ya hewa kutoka. Sauti kazi yake ni kukoroga. Utando wa nje unataka nini? Unataka utulivu. Kwa hiyo kuupelekea sauti ni kuomba msaada kwa mtu ambaye tabia yake haiendani na shughuli yenyewe, ukitumaini kwamba siku hiyo atajizuia.

Tena kuna mshindani aliyekwisha kushika nafasi. Mwaka 1974 Goldstein, Eckert na Burggraf walichapisha matokeo yao kwamba kitundu kikipanuliwa mdomo, hewa hupunguza mwendo inapotoka na kutandaa yenyewe bila kuruka. Ernst Eckert, kwa kukumbusha, ni yule mhandisi aliyehamia Marekani baada ya Vita vya Pili na kukifanya Chuo Kikuu cha Minnesota kuwa kitovu cha elimu ya joto. Leo vitundu vya midomo mipana ni kawaida. Ukitaka kuuza sauti kwa ajili ya utando wa nje, itabidi ulishinde umbo la tundu, na umbo halihitaji umeme wala halivunjiki likiwa kazini.

Halafu kuna hesabu ambayo binafsi naiona ndiyo kiini cha habari yote. Katika maabara hakuna anayefanya majaribio haya kwenye kitundu cha nusu milimita. Ni shida kupima humo. Watu hutengeneza mfano mkubwa: tundu la milimita 20, hewa ya mita 10 kwa sekunde. Fanya ile hesabu ya Crow na Champagne: 10 gawanya kwa 0.02, zidisha kwa 0.3, unapata 150. Mitikisiko 150 kwa sekunde ni besi ya kawaida. Spika ya harusini inatosha. Matokeo yanapendeza, picha zinapigwa. Sasa rudi kwenye panga la kweli: mita 150 kwa sekunde, gawanya kwa nusu milimita, zidisha kwa 0.3. Jibu ni 90,000. Sikio la binadamu hukoma kwenye 20,000. Huko kwenye 90,000 ndiko wanakopigia kelele baadhi ya popo wakitafuta wadudu. Utaipata wapi spika ya kutoa sauti nyembamba kiasi hicho, ndani ya nyuzi 500, kwenye kitu kinachozunguka mara 50 kwa sekunde, na sauti nyembamba hufifia haraka inaposafiri? Mngurumo wa asili wa chumba cha mwako hausaidii, maana wenyewe ni mzito. Aghalabu uko kwenye mamia ya mitikisiko kwa sekunde. Mkondo wa kitundu unauona kama maji kujaa na kupwa.

Ndiyo maana mimi ningeipeleka sauti ndani ya panga.

Ndani kuna njia nyembamba zinazopanda na kushuka, na kuta zake zimewekwa matuta kwa makusudi. Hewa ikigonga tuta huruka, nyuma yake panabaki kimfuko cha hewa iliyodumaa, kisha mbele kidogo mkondo unatua tena ukutani. Hapo unapotua ndipo chuma kinapopozwa vizuri kuliko pengine pote. Nyuma ya tuta, katika ule mfuko, joto linakwama. Ukiweza kuulazimisha mkondo utue mapema, mfuko unapungua na sehemu iliyokuwa imekosa inapata. Na mpaka kati ya mkondo unaoruka na hewa iliyodumaa ni mpaka uleule wa Tyndall, wenye visulisuli vinavyosikia. Majaribio ya miaka mingi kwenye vidato vya ndani ya mahandaki ya upepo yameonyesha kwamba mtikisiko wa mdundo unaofaa huvikuza visulisuli hivyo na kusogeza mahali pa kutua karibu zaidi na kidato.

Humo ndani kukoroga ndiko kunakotakiwa. Hakuna moto wa kuvutwa. Kuna hewa ya kupozea peke yake na ukuta wa chuma, na kadiri hewa inavyoparuza ukuta ndivyo inavyoondoka na joto. Hesabu nayo inalegea. Chukua tuta la milimita moja na hewa ya mita 50 kwa sekunde. Kwa matuta kizidishi hakiwi 0.3 kamili, na mdundo unaotafutwa unaangukia mahali fulani karibu na 10,000. Ni sauti kali, ya mluzi, lakini ni sauti ambayo sikio lako linaijua. Njia zenyewe zina kuta pande zote, kwa hiyo sauti haitawanyiki. Inarudi, inajilisha, na ukipata urefu wa njia unaolingana na wimbi, inavuma yenyewe.

Swali la nani apige mluzi huo lina jibu zuri zaidi ya spika. Chungulia vipulizia maji vya kioo cha mbele cha magari mengi ya leo. Maji yanatoka yakiyumba kushoto na kulia, na hakuna kinachocheza mle ndani. Siri ni umbo la chumba: maji yanapita yakinata upande mmoja, kiasi kidogo kinarudishwa kupitia mfereji wa pembeni na kuyasukuma yanate upande wa pili, huko nako yanasukumwa tena. Elimu hiyo ilikuzwa katika maabara za jeshi la Marekani karibu na mwaka 1960, wakati watu walipotaka mitambo ya kuongozea isiyotegemea umeme. Chuo Kikuu cha Ohio State kimekwisha kujaribu vipulizia vya kuyumba kwa ajili ya utando wa nje wa mapanga. Hewa ndiyo injini na ndiyo spika. Na kuna zawadi ndani yake: hewa ikipungua kasi, kuyumba nako kunapungua kwa kiasi kilekile, na mdundo ambao matuta yanautaka unapungua pamoja nao. Usiku mji ukilala, mzigo wa mtambo ukashuka, mpigaji na mchezaji hushuka pamoja bila mtu kugusa kitu. Kibuyu cha kuvumisha sauti hakina akili hiyo, kwa kuwa mdundo wake umefungwa na ukubwa wake na joto la hewa.

Kuchonga umbo la namna hiyo ndani ya panga kulikuwa ndoto enzi za kusubu peke yake. Uchapaji wa chuma kwa unga na leza umelileta karibu, ingawa uso wake hutoka na mikwaruzo, na katika mfereji wenye upana mdogo kuliko milimita mkwaruzo si jambo dogo.

Kinachonitia wasiwasi ni vumbi. Nafikiria Oman na nchi jirani za Ghuba, ambako wasikilizaji wetu wapo na ambako umeme mwingi hutokana na gesi. Vichujio vya mtambo hukamata vumbi jingi, lakini ile poda laini kabisa hupita. Ikifika kwenye joto la nyuzi 1,200 na kuendelea inayeyuka ikawa kama kioo na kuganda kwenye uso wa panga. Ile inayofuata hewa ya kupozea hujikusanya kwenye pembe za njia za ndani. Kitundu cha kawaida kikizibwa nusu, bado kinatoa hewa kiasi. Kipulizia cha kuyumba kikizibwa mfereji mmoja wa pembeni, kinaacha kuyumba, hewa inabanana upande mmoja, na upande wa pili unabaki na joto lake. Mluzi umekwisha, na panga lililobuniwa kwa kuutegemea sasa lina hewa pungufu kuliko hata lile la zamani.

Kwa sababu hiyo, kama ningekuwa na usemi, ningeanzia kwenye mapanga yaliyosimama, yale ya safu ya kwanza kabisa, yanayouelekeza moto kabla haujafika kwenye yanayozunguka. Hayavutwi na mzunguko, fundi anaweza kuyachungulia kwa kamera nyembamba kupitia tundu la ukaguzi bila kubomoa mtambo, na panga likichoka hubadilishwa bila kusawazisha upya rota nzima. Tena hayo ndiyo yanayopokea moto ukiwa mkali kuliko mahali pengine pote, na ndiyo yanayokula sehemu kubwa ya hewa ya kupozea. Upunguze hewa hiyo kidogo tu kwa msaada wa mluzi, na kompresa inapata ahueni papo hapo.